Mama Sumu na mkwe aliyeogopa chai

Saa tatu asubuhi. Mama Sumu yuko nyuma ya cherehani, miwani imemshuka puani, anapinda sketi ya shule. Mteja mgeni anachungulia mlangoni, anamtambua, anarudi nyuma hatua moja.

"Ingia tu," anasema bila kuinua kichwa. "Leo sijaua mtu."

Ana miaka sabini na mmoja. Jina hilo alipewa na watazamaji wa filamu za zamani. Alicheza kumi na tisa, na katika zote alikuwa mama mkwe mwenye roho mbaya. Mkwe akija, alimpokea kwa sauti laini kama pamba: "Karibu mwanangu, kaa, unywe chai." Ukumbi mzima ulijua kilichomo kikombeni.

Filamu hizo bado zinarudiwa kwenye televisheni. Nyumbani, mwanamke huyu ni fundi wa nguo na mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume.

"Filamu zilinipa jina," anasema. "Aliyetulisha ni huyu hapa." Anaipiga cherehani kofi.

Mwezi uliopita mwanawe, ambaye ni fundi umeme, alimleta mchumba wake nyumbani kwa mara ya kwanza. Mama alifagia sebule mara mbili. Binti alipopiga hodi, furaha ikamzidi Mama Sumu, na maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Karibu mwanangu, kaa, unywe chai."

Binti aliganda. Utotoni, maneno hayo yakisikika, alikuwa akikimbilia nyuma ya kochi. Alikaa ukingoni mwa kiti, hakugusa kikombe, na baada ya dakika kumi akaaga akisema kichwa kinamuuma. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena hapo, na habari za harusi zikaanza kusuasua.

"Mama, si ungenyamaza tu?" mwanawe alimlalamikia.

"Nimezaa huyo huyo mmoja," anasema Mama Sumu. "Nimkimbizie mke kwa kikombe cha chai? Nimejaribu kukaribisha watu mbele ya kioo. Kila nikilainisha sauti, anatokea yule mchawi wa kwenye filamu."

Inauma kumsikia. Mwanamke aliyekariri filamu kumi na tisa amekosa sentensi moja ya kumwambia mkwewe.

Mazungumzo yanakatizwa na simu. Ni yule binti. Anauliza, kwa sauti ya kusitasita, kama anaweza kuja Jumamosi kupimwa gauni la harusi.

Mama Sumu anafumba macho. Kisha anamfokea kama anavyowafokea wateja wake wote: "Uje na viatu utakavyovaa siku hiyo, nisije nikakata gauni likaishia magotini! Na usinicheleweshe, nina kazi!"

Kicheko kinasikika upande wa pili. "Sawa, mama."

Anaweka simu chini na kufuta macho kwa pindo la sketi ya watu. Anapoulizwa mbona hata hakumkaribisha, anashangaa kweli.

"Kwani yeye mgeni?"