Nguo ya Mwisho Sandukuni

Kwetu, karibu na Khayega, nguo za marehemu hazikai nyumbani. Siku ya tatu baada ya mazishi watu wa boma hunyolewa, kisha sanduku hufunguliwa uani na kila vazi likapata mtu wa kulichukua. Mjane haruhusiwi kubaki hata na soksi. Anayechagua wa kwanza ni mwihwa, yaani mtoto wa dada ya marehemu, hata kama hakukanyaga hospitalini siku moja.

Baba aliacha mashati sita, makoti mawili na suruali ambazo zingemfaa tu mtu mrefu kama yeye, na watu warefu katika ukoo wetu wamekwisha. Baba mdogo alizitoa moja moja ili watu wazione kabla ya kugawa. Chini kabisa akakuta kitambaa cha buluu. Akakikunjua. Kwenye kona kulikuwa na misalaba ya Waingereza, na pembeni yake simba mwekundu amesimama kwa miguu ya nyuma. Ilikuwa bendera ya koloni.

Mimi sikushangaa. Kabla ya uhuru Baba alikuwa tarishi katika ofisi ya serikali mjini Kakamega. Asubuhi aliipandisha bendera hiyo, jioni akaishusha. Ilipoondolewa aliambiwa aitupe, naye akaja nayo nyumbani. Niliwahi kumuuliza kwa nini. Akasema alifundishwa kuikunja, hakufundishwa kuitupa. Jibu hilo liliniudhi. Nilikuwa mwalimu wa historia, na nilitaka mtu mzima awe na sababu nzito kuliko hiyo.

Kaka yangu alisema ipelekwe makumbusho. "Hii ni historia," akasema.

"Historia ya nani?" akauliza mwihwa, binamu yetu, fundi wa baiskeli, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti. "Chini ya hiyo bendera walichimba dhahabu kwa shamba la babu yangu, baba ya baba. Alihama na sufuria kichwani. Sisi tunalimanga shamba la kuomba mpaka wa leo."

Mwenye kovu usidhani amepoa. Jirani mmoja akanong'ona neno kibaraka, kwa sauti ya kutosha sisi sote tusikie. Niliona kaka ana haki na binamu ana haki, nikajipongeza moyoni kwa kuona mbali.

"Bado sijachagua," binamu akasema. "Nachagua hii. Na nitaichoma hapa hapa."

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, kichwa kimenyolewa upya. "Hiyo si nguo ya marehemu," akasema. "Hakuivaa hata siku moja. Muiache ikae na mimi."

"Imetoka kwa sanduku la nguo, shemeji," baba mdogo akamjibu, bila ukali. "Ilikunjwa pamoja na mashati." Kisha akanigeukia. "Mwalimu, wewe umesoma. Hii ni nguo ama si nguo?"

Wote wakanitazama, Mama pia. Neno langu moja lingetosha. Lakini niliogopa kuitwa binti wa kibaraka, na uoga huo nikauvika heshima.

"Desturi ni desturi," nikasema.

Mama hakubishana nami. Alimgeukia binamu. "Basi choma, mwanangu. Lakini ujue, Mzungu hakuifua hiyo kitu hata siku moja. Ni mimi nilikuwa naifuanga kila Jumamosi. Mjomba wako anashika pembe ile ingine, tunaikamua pamoja. Tulikuwa tumeoana juzi tu."

Binamu alisita. Lakini alikuwa ameshasema mbele ya watu, na kiberiti kilikuwa mkononi.

Tangu hospitalini hadi kaburini Mama hakuwa ametoa chozi. Alilia pale, mbele ya moto wa kitambaa kimoja, nami nilikuwa nimesimama karibu naye nikishindwa hata kumshika mkono.