Vibua Watatu wa Mzee Mfaransa

Nyumba ya wazee niliyofanyia kazi ilikuwa Etobicoke, mabasi mawili kutoka chumba nilichopanga Rexdale. Ulikuwa mwaka wangu wa pili Toronto. Niliogesha wazee, nikawavisha, nikawalisha, kisha nikarudi kwangu kula peke yangu mbele ya dirisha.

Chumba cha mwisho alikaa Mfaransa mmoja, mchoraji. Hakuwa na wageni. Ukutani alitundika picha moja tu ya rangi ya mafuta: vibua watatu kwenye sahani nyeupe, nusu ya limau, na kisu. Asubuhi moja, nikiwa namfunga vifungo vya shati, akaniuliza kwa Kiingereza chake kizito, "Unaona nini pale?"

Mama yangu alikuwa muuza samaki Tanga, nami nililelewa penye meza yake. Nikamwambia, "Mzee, samaki hao wameharibika. Tazama macho yalivyodidimia."

Alicheka mpaka akapaliwa. Alipotulia akanisimulia. Aliichora akiwa kijana, Paris, kwa siku tano samaki wakiwa mezani, na kwa sababu ya harufu yao mwenye nyumba akamfukuza. Picha ilipowekwa kwenye maonyesho watu wakasifu mwanga, wakasifu sahani. "Hakuna aliyeona kwamba wameoza," akasema. Akakataa kuiuza, lakini wanunuzi wakataka samaki wengine, naye akawachorea samaki kwa miaka hata akaichukia ile meza. Akaoa, akamfuata mkewe Toronto, akafundisha watoto kuchora. Huku hakuna aliyemjua. Mke alipofariki akaacha kabisa kushika brashi.

Tangu siku hiyo, zamu ikiisha nilikaa kwake kidogo kabla ya kwenda kituoni. Aliniuliza habari za samaki, nami nilimweleza kuhusu samaki kama changu na kolekole, na jinsi mama alivyowamwagia maji ili wang'ae. Ndiyo mazungumzo pekee niliyokuwa nayo yasiyohusu dawa wala chakula.

Kisha akapata kiharusi. Kiingereza kikamtoka, akabaki na Kifaransa ambacho sikukijua hata neno. Yeye akisema Kifaransa, mimi namjibu Kiswahili. Tuliendelea hivyo majira yote ya baridi. Sijui aliniambia nini.

Alipofariki, binti yake alikuja kutoka Montreal kuchukua vitu. Aliniuliza kama baba yake aliwahi kuzungumza nami. Nikamweleza habari za wale samaki.

Aliisogelea picha, akaitazama muda mrefu.

"Nimekua chini ya picha hii," akasema. "Hakuwahi kuniambia."

"Labda hukumuuliza," nikasema, na mara nikajuta.

Aliifunga picha ndani ya blanketi, akaibeba mwenyewe hadi kwenye gari. Mimi nikabadilisha shuka, nikafungua dirisha, kwa kuwa mchana ule alikuwa anahamia mtu mwingine.