Weupe wa Katikati

Kaka yangu ni fundi seremala, na mtaa mzima ulikuwa ukimwita Fundi Kesho. Si kwamba ni mvivu. Mvivu gani huamka kabla ya jua na kurudi ndani vumbi la mbao limemjaa hadi kwenye kope? Ila ukimwuliza kitanda chako, kesho. Ukimwuliza meza, kesho. Na kazi ikishatoka mikononi mwake, unasahau jinsi ulivyomtukana. Hawezi kuvumilia tundu. Akiona shimo la msumari, hata upande wa chini ambako hakuna jicho litakalofika, huchanganya unga wa mbao na gundi, akaliziba kwa kidole gumba, akapiga msasa mpaka mwenyewe hujui lilikuwa wapi. Vipimo vyake vyote huviandika kwa penseli kwenye ukuta wa karakana. Kazi ikiisha, hukikata kipimo chake kwa mstari.

Kipimo kimoja hajakikata mpaka leo. Ni cha mfuniko wa mviringo, upana sentimita sitini, wa tangi la maji lililochimbwa uani kwake. Mfuniko wa zamani ulioza, mkewe akaweka kipande cha bati juu ya shimo, akamwambia atengeneze mwingine, kazi isiyomaliza hata saa. Akamwambia tena. Mara ya tatu nilikuwepo, nimeenda kupima madirisha yao nishone mapazia, maana mimi ni mshonaji na nyumba zetu zinatazamana. Kaka alijibu alivyojibu siku zote, na mimi na wifi tukamcheka. "Haya, Bwana Kesho!" Nimecheka mengi maishani, lakini kicheko kile kimenikaa kooni. Siku mbili baadaye binti yao, mtoto wao wa pekee, waliyempata baada ya kungoja miaka tisa, alilikanyaga lile bati. Alikuwa na miaka minne.

Majirani walimwaga mfuniko wa zege wiki ileile ya mazishi. Hakuna aliyemwita tena Fundi Kesho.

Wifi hakumlaumu mumewe. Laiti angemlaumu! Angevunja vyombo, angefunga virago arudi kwao, tungejua pa kuanzia. Alipika, alifua, mimi nikimsemesha alinijibu. Kwa mumewe alifunga mdomo. Alimwekea sahani mezani na kuondoka. Mwaka ukaisha hivyo. Siku moja nilimkuta kaka karakana ameshika randa, hafanyi nayo kitu. "Dada," akasema, "hata akiniita muuaji nitashukuru. Nataka neno moja tu kutoka kwake." Niliona uchungu hadi nikamkaripia, maana mimi nikiumia hugomba.

Muuguzi wa zahanati ndiye aliyetuelekeza kwa mshauri. Kila Jumamosi asubuhi waliofiwa walikutana kwenye chumba cha mikutano cha zahanati: viti vya plastiki vimepangwa mviringo, bango la chanjo limejikunja pembe ukutani, feni inazunguka kwa kulalamika. Ndugu tuliosindikiza tulikaa nyuma, ukutani, na kaka akakaa nasi. Mshauri alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Alikuwa na jiwe laini la kutosha kiganja. Aliyelishika ndiye aliyezungumza, na asiyetaka alimpa wa pembeni. Wifi alimpa wa pembeni kila wiki.

Kisha ikaja habari ya kupaka rangi. Mshauri alieleza kwamba watu wa nchi za mbali hutengeneza maumbo ya duara, huyaita mandala, wakitafuta utulivu wa moyo. Na kwamba mkono huweza kusema kilichoushinda mdomo. Kila mtu ajaze duara lake taratibu, hata ikichukua miezi. Moyoni nilisema, watu wazima na akili zetu, tumekuja kupamba sahani! Lakini kaka alijitolea kukata vibao. Alikata kumi na vinne vya plaiwudi, vya mviringo kamili, akavipaka vyote rangi nyeupe ya chini. Hakusema kesho. Alivileta Jumamosi iliyofuata, vimekauka.

"Sharti ni moja," mshauri alisema. "Kibao cha mtu hakiguswi na mwingine. Hata ukiona amekosea."

Wengine walianzia katikati wakaenda nje. Wifi alianzia ukingoni. Alipaka vitone vya bluu, kimoja kimoja, mstari mmoja ukizunguka, kisha mwingine ndani yake, na kila Jumamosi alikifunga kibao kwenye kitambaa akaenda kuendelea nyumbani. Katikati palibaki peupe, na kila wiki weupe ule ulipungua. Ulikuwa kama sahani, ukawa kama kisosi, ukawa kama mdomo wa kikombe.

Kaka alipata uhai. Wifi akitoka, alikwenda na rula dirishani kilipoanikwa kibao, akapima bila kukigusa, akaja kuandika ukutani: ishirini, kumi na nne, tisa, tatu. Alimwuliza mshauri mkewe atasema lini, na mshauri akamjibu, "Usimharakishe. Akifika katikati mwenyewe, huenda neno likaja." Fundi wa watu akasikia "katikati" na "neno". Lile la "mwenyewe" lilimpita.

Ilipofika tatu, wifi akasimama. Wiki ya kwanza hakupaka kitu. Ya pili hivyohivyo. Alikaa na brashi kavu mkononi akiutazama ule weupe, na kaka pembeni yangu anatikisa goti mpaka kiti kinalia. Wiki ya tatu, Ijumaa mchana, kaka alivuka njia akaingia kwangu, kidole gumba kimejaa bluu.

"Nimemsaidia, dada. Nimekoroga rangi mpaka imelingana kabisa. Huwezi kujua mkono wa nani umepita." Akacheka. Sikuwa nimeyaona meno yake kwa zaidi ya mwaka. "Leo sikungoja kesho."

Nililikumbuka sharti la mshauri, lakini furaha ile ningeizimaje? Nikamwambia amefanya vizuri. Mimi, ambaye mdomo wangu haujawahi kumkosea adabu mtu kwa kunyamaza, siku hiyo nilimdanganya ndugu yangu.

Jumamosi wifi alikifungua kitambaa. Wenzake wakaona duara limekamilika, wakapiga makofi. Mzee mmoja aliyefiwa na mkewe alisema kwa sauti, "Hongera, mama, umefika!" Wifi hakuinua uso. Alipitisha kidole katikati ya kibao, mara moja, mara ya pili. Jiwe lilipomfikia hakumpa wa pembeni. Alilishika, akageuza kiti, akamtazama mumewe.

"Umepaziba wewe?"

Kaka alisimama kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu. Machozi yalikuwa yanamtiririka na bado anatabasamu, maana alikuwa amesemeshwa. "Ndiyo, mke wangu. Ni mimi."

"Imekuchukua muda gani?"

Kaka yangu ana kasoro zake, ila kwenye kazi hajui kusema uongo.

"Dakika tano," akasema. "Hazikuzidi."

"Dakika tano," wifi akarudia, polepole.

Tabasamu lilibaki usoni mwa kaka muda kidogo, halijapata habari. Kisha akaketi. Wifi alimpa wa pembeni jiwe, na feni ikaendelea kulia. Mshauri alisema maneno mazuri ambayo sikuyashika hata moja.

Wifi hakurudi tena kwenye duara la Jumamosi. Mshauri alikuja nyumbani mara mbili, akakaribishwa, akanyweshwa chai, akaaga. Siku hizi wifi hata mimi hanijibu. Hutikisa kichwa tu, ndiyo au hapana. Kibao alikiacha juu ya meza ya kazi ya kaka.

Kaka alipiga msasa pale katikati kuitoa bluu, nyeupe nayo ikatoka, ukabaki mti mtupu. Akapaka nyeupe upya. Ikavimba kidogo, akapiga msasa tena, akapaka tena. Wateja wanakuja kudai vitanda, anawatazama tu. Jana aliniitia uani, akakiinua kibao kwenye mwanga.

"Dada, panafanana na alivyopaacha?"

Nilipatazama. Ukingo wake ulikuwa umenyooka mno, mviringo wa fundi. Safari hii sikuweza kumdanganya.

"Hapana, kaka."

"Kesho nitajaribu tena," akasema.

Wifi alikuwa akianika nguo, amesimama juu ya mfuniko wa zege, hatua nne kutoka tulipokuwa. Alisikia. Alichukua pini nyingine ya nguo, akaendelea.