Kiyoyozi cha Bi Mwanaesha na Namba Nne za Mwanzo

Nisameheni kwanza mwandiko wangu, na mkikuta herufi imekosekana itieni wenyewe, maana nimesoma mpaka darasa la tano tu na ukurasa mmoja unanichukua siku nzima. Hiki ninachotaka kuwaambia ni aibu tupu, na mtu mwenye haya kama mimi angekaa kimya, lakini nimekaa kimya miezi mitatu na haikunisaidia kitu. Kwa hiyo naandika kwenye daftari, nitapiga picha, nitazitia kwenye kundi letu la simu la watu wa visiwani (mimi ni yule ambaye husoma tu, sijawahi kujibu hata salamu).

Kwetu ni kisiwa cha Chovae, lakini sasa naishi Kismayu peke yangu, mamangu na wadogo zangu wako Mombasa. Nafanya kazi kwenye duka linalouza vitu vilivyotumika vinavyoletwa na meli kutoka Dubai, na mahali pangu ni uani, naosha vichujio vya viyoyozi, natoa vumbi la nyumba za watu nisiowajua. Dukani wote wanasema Kisomali, nami nakijua, lakini nikirudi chumbani hakuna wa kusema naye kwa lugha yoyote, mpaka siku nyingine najikuta nailaumu sufuria kwa sauti kwamba imechelewa kuchemka.

Siku hiyo Fundi Jama, mkubwa wangu, alikuwa ameenda bandarini kupokea mzigo, nami nimeachwa dukani. Akaingia mama mmoja, akauliza bei kwa Kisomali, nikajibu, akanitazama, akageukia lugha yetu ya visiwani.

"Wewe mchu wa kwechu?"

"Ndiyo, mama. Chovae."

"Mwana wa nani?"

Nikamwambia, na kumbe bibi yangu alikuwa akimjua! (Miezi minane nilikuwa sijaulizwa na mtu mimi ni mwana wa nani.) Jina lake Bi Mwanaesha, na alikuwa anatafuta kiyoyozi cha mamake, bibi mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani, ambaye joto likizidi pumzi humpaa. Kile walichonunua kwanza kilikuwa kikuukuu, kilikufa baada ya mwezi mmoja, na safari hii hakutaka kinachozidi miaka saba.

"Hiki kina umri gani?" akauliza, mkono juu ya kimoja cheupe.

Hapo ndipo ningesema, mama, msubiri fundi. Neno dogo tu. Lakini niliogopa akienda hatarudi, na mimi nilitaka aendelee kusema, aseme chochote. Nikajibu, "Hilo najua mimi."

Nilichokuwa najua ni hiki tu: siku moja nilimwona Fundi Jama akisugua karatasi ya ubavuni mwa mashine, akaweka kidole kwenye namba nne za mwanzo, akasema mwaka uko hapa. Basi nami nikasugua, nikaweka kidole, nikakuta 1441. Moyo ukaruka, maana miaka ya Hijria naijua kuliko ya Kizungu, mwalimu wetu wa chuoni, yaani madrasa, alikuwa akituandikisha tarehe kila asubuhi, na elfu moja mia nne arubaini na moja ndio mwaka mamangu alipopanda chombo kwenda Mombasa, nimeuandika kwenye jalada la juzuu yangu. Sikufikiri mara mbili. Nikamwambia ni cha mwaka huo, miaka sita tu.

Akakinunua, akaniombea dua, na akasema Ijumaa baada ya swala nije kwake kula. Nilifua kanzu mara mbili.

Ijumaa tulikuwa wanaume saba, sinia limeshafunuliwa, wali wa nazi na samaki, na kiyoyozi kinavuma chumbani kwa bibi. Bi Mwanaesha akasimama mlangoni akasema, "Huyu ndiye aliyenichagulia, anajua umri wa mashine kwa kuitazama!" Wote wakanigeukia, nami badala ya kuinamia wali nikatabasamu kama mtu mkubwa.

Jirani yao, Mzee Lali, akasema, "Basi kabla hatujala, nisomee changu. Nimekikuta na nyumba nilipohamia, kiko hapa nje ukutani kwangu."

Tukatoka wote. Nikasugua karatasi kwa pindo la kanzu, na zikatokea 1329.

"Ehe?" akasema Mzee Lali.

Walikuwa wakingoja, na nilikuwa nimeshajifanya mjuzi, nikasoma. "Elfu moja mia tatu ishirini na tisa, ami. Ya Hijria."

Mzee Lali akahesabu kwa vidole. "Babangu alizaliwa elfu moja mia tatu thelathini na tatu."

"Basi AC ilimtangulia babako!" mmoja akapiga kelele.

"Ilikuwa inamngoja azaliwe imtie baridi!"

Hapo bado ningeweza kuokoka, ningecheka nao na mambo yakaisha, lakini mimi nikasema (na mpaka leo sijui ulimi ulitumwa na nani), "Vitu vya zamani vilikuwa imara, ami."

Jamani. Mmoja alikaa chini kwenye mchanga na kanzu yake nyeupe.

Ambaye hakucheka ni Shekue, mpwa wa Bi Mwanaesha, aliyekuja likizo kutoka Ulaya, na kazi yake huko ni kutengeneza mashine za kupasha nyumba moto na za kuzipoza. Akaniambia taratibu, "Ndugu yangu, viwandani hawahesabu Hijria. Kwenye mashine hizi mbili za mwanzo ni mwaka wa Kizungu, mbili za pili ni wiki. Hii ni ya elfu mbili na kumi na tatu, wiki ya ishirini na tisa."

Nikapiga hesabu ya ile 1441 kabla ya wengine wote. Kumi na nne. Wiki ya arubaini na moja.

"Na cha mama?" akauliza Bi Mwanaesha.

Shekue akaenda nyuma ya nyumba, akarudi. "Kimepita miaka kumi na moja, shangazi. Kinafanya kazi, lakini siwezi kukuahidi mpaka lini."

Kicheko kikakatika.

"Ulisema unajua, mwanangu," akasema Bi Mwanaesha. Nikasema naenda kunawa mikono, nikapita bomba, nikapita lango, nikaenda zangu na njaa yangu.

Kesho yake nilimweleza Fundi Jama kila kitu, nikijua atanifukuza. Akasema, "Kwa nini hukuningoja? Nilikuwa bandarini, sikuwa Makka!" Akachukua kiyoyozi cha miaka minne, akaenda kubadilisha mwenyewe, kwa sababu nilikataa kufuatana naye. Aliporudi akaniambia bibi analala vizuri, na Bi Mwanaesha amemuuliza yule kijana yuko wapi, kwamba Ijumaa sahani yangu ilikaa imefunikwa mpaka alasiri.

Hakuna aliyenifukuza kwenye nyumba ile. Nilijifukuza mwenyewe, na sasa nazunguka mitaa miwili ili nisipite mlangoni kwao. Ijumaa iliyopita nilifika mpaka kwenye kona, nikawasikia wakicheka ndani (huenda walikuwa wanacheka mambo yao), nikageuka.

Nimeapa nikiulizwa nisichokijua nitasema sijui, hata kama muulizaji ataondoka na sauti yake. Lakini kiapo hicho hakinifikishi mlangoni. Kwa hiyo ninyi mnaosoma, popote mlipo, niandikieni. Kunicheka ruhusa. Ila mkimaliza kucheka niambieni, mngekuwa ni ninyi, baada ya miezi mitatu, mngebisha hodi? Na mngeanza kwa kusema nini? Mimi naandika polepole, lakini nitamjibu kila mmoja.