Ndege Aliyeachiwa Bila Kusomwa

Watu wa kando ya bwawa walimwita Mama Ndege, naye aliitika. Miaka ishirini na miwili alikuwa akiamka kabla ya jua, akivaa mabuti ya mpira na kuingia kwenye matete kutandaza nyavu nyembamba ajabu. Ndege akinaswa, humtoa taratibu, humtia kwenye kifuko cha kitambaa, humpeleka mezani, humvika pete nyepesi yenye namba mguuni, humpima, humwachia. Kazi yote ni hiyo. Ukimuuliza faida yake, atakuuliza kama wewe ukisafiri hupendi watu wa nyumbani wajue umefika.

Vifuko vilishonwa na mumewe, fundi cherehani mstaafu, kwa mabaki ya vitambaa vya wateja, kwa hiyo ndege mmoja alingoja zamu ndani ya sare ya shule na mwingine ndani ya maua ya pazia la mtu. Fundi ndiye pia aliyeshika daftari. Mke husoma namba ya pete, mume huirudia kwa sauti, ndipo huandika. Mazoea hayo yalimwingia hadi nyumbani: ukimuuliza chumvi iko wapi, hurudia swali kwanza.

Tangu mwaka jana, ukungu wa bwawa ulikuwa umeanza kubaki machoni mwa Mama Ndege hata jua likipanda. Asubuhi alizipenda vilevile. Maji na mbingu vilikuwa rangi moja, matete yakinong'onezana, naye akipita juu ya mbao kama mtu aliye usingizini, miguu ikiijua njia yenyewe. Kuhusu macho alijitia hamnazo. Pete mpya zilikuja zimepangwa kwa mfuatano kwenye waya, na kwa ndege mgeni hakuhitaji kuona, maana namba inayofuata alikuwa nayo kichwani. Tabu ilikuwa ndege wa zamani, aliyerudi na pete yake, namba imelika. Na ndege wa zamani ndiye kazi yenyewe; kumvika pete asisomwe tena ni kumpamba tu.

Hakumwambia mtu. Aliogopa, basi. Asiyeweza kusoma pete hapewi kibali cha kunasa ndege, na bila kibali angebaki nyumbani akisikiliza cherehani, yeye ambaye kwa miaka yote hiyo hakujijua kwa jina jingine.

Siku tatu nyuma alimshika kindege wa rangi ya udongo, kidole cha nyuma kimekatika, pete imechakaa. Akamgeuza huku, akamgeuza kule, akaona mng'ao tu. Fundi alikuwa ameinama akipuliza jiko la chai. Mama Ndege akafungua kiganja. Kindege akaenda zake, hakusomwa, hakuandikwa. Jambo hilo hakuwahi kulifanya maishani. Tangu hapo, kila akilala, kindege yule huja akatua ukingoni mwa kitanda na kunyoosha mguu kama mtoto anayengoja kufungwa kamba ya kiatu. Hungoja na kungoja, naye hawezi kumsoma.

Leo mkaguzi alikuwa amekuja. Ni mwanamke wa makamo, mpole wa maneno, ambaye kila baada ya miaka mitatu huketi kando ya meza asubuhi nzima, kisha husaini kibali au hasaini. Mambo yalikwenda vizuri. Ndege saba wa kwanza wote walikuwa wageni, na Mama Ndege alitaja namba zao bila kusita. Wa nane, alipoingiza mkono kwenye kifuko cha maua ya pazia, kidole gumba chake kiligusa mguu, kikakuta pete. Kikashuka, kikakuta pengo la kidole.

Ni yule kindege wa siku tatu nyuma.

"Wa zamani huyu," alisema.

"Wa zamani," Fundi akarudia, penseli tayari.

Mama Ndege akamtoa, akauinua mguu wake kwenye mwanga. Kisha chini ya meza, kiatu cha Fundi kikagonga buti lake polepole: mara nne, kikatulia, mara moja, kikatulia, mara sita. Jicho lililotunga sindano miaka arobaini lilikuwa limeisoma pete kutoka upande wa pili. Kumbe alijua. Alijua siku zote, na akanyamaza.

Alichotakiwa ni kuhesabu mapigo hayo tu, ayataje. Namba ingekuwa sahihi na kibali kingesainiwa. Lakini kindege alikuwa akipumua kiganjani, mguu ameunyoosha vilevile kama kule usingizini. Mama Ndege akavuta buti lake pembeni.

"Sioni," alisema. "Mwaka sasa. Na huyu juzijuzi nilimshika nikamwachia bila kumsoma, kwa woga. Hilo nalo liandikwe."

"Mke wangu..."

"Usirudie. Wewe andika tu."

Mkaguzi aliinama na lenzi yake, akasoma namba. Fundi alipekua daftari za zamani sandukuni mpaka akaipata. Ilikuwa ya miaka tisa iliyopita, hapahapa, na pembeni alikuwa ameandika kwa mkono wake: *Kidole kimoja hana. Mkali. Amemng'ata mke wangu.*

"Miaka tisa," mkaguzi alisema. "Na juzijuzi alipita hivihivi." Hakulisema kwa ukali, na hapo ndipo lilipouma. "Siwezi kusaini, mama. Mtoto wa jicho anatolewa, nenda hospitali. Ukianza kuona, nitakuja. Leo nyavu zikunjwe. Huyu mwachie wewe."

Mama Ndege alifungua kiganja. Kindege alikaa pumzi moja, pumzi mbili, kisha uzito wake mdogo ukatoweka. Mbele kulikuwa na weupe mtupu.

"Kaelekea wapi?"

Fundi alisimama, akakinga jua kwa daftari.

"Kwenye matete. Upande wa maji."

"Kwenye matete, upande wa maji," Mama Ndege akarudia kwa sauti, kama inavyotakiwa, ili Fundi aandike.