Mshale Uliohamia Upande wa Wageni

Mwaka ule wa vikwazo, kisiwa chetu cha Nzwani kilipojitenga na serikali, kutoka mji mkuu wa Moroni kwenda kwetu Mutsamudu kulihitaji kibali, na vibali vilitoka kwenye meza ya bwana mmoja mwenye skrini mbili. Ofisi nyingine ziligombania kompyuta moja. Yeye skrini moja aliielekeza kwake, ya pili akaigeuzia wageni. Hiyo ya pili haikuwa na kazi yoyote. Ilikuwa heshima tu, kama makochi ya sebuleni ambayo watoto hawaruhusiwi kuyakalia.

Mama yangu alikuwa amelazwa huko kwetu, hospitali ya Hombo, amepasuliwa tumbo, na simu za kisiwani zilikuwa zimekatwa. Boti ilikuwa inaondoka adhuhuri. Nilikuwa kwenye kiti cha wageni tangu asubuhi, hasira zimenifika kooni.

Bwana mkubwa alichapa jina langu, akasukuma kipanya huku na huku, kisha akaganda.

"Mshale umepotea."

Haukupotea. Ulikuwa mbele ya pua yangu, kwenye skrini ya wageni, umetulia.

"Uko huku, mzee wangu. Usogeze kulia. Hapana, kulia kwangu, kushoto kwako."

"Nyinyi watu wa Nzwani!" akafoka. "Jana mnataka Ufaransa, leo mnataka nchi yenu, mara kulia, mara kushoto!"

Nikamsihi azunguke ajionee. Akanikodolea macho. Mtu aliyefunga ndoa kuu, ile harusi ya kupandia cheo, aliyelisha mtaa mzima wa Badjanani, aje kusimama upande wa waombaji? Badala yake alikipindua kipanya, akakikagua tumbo. Wallahi, alikikagua tumbo. Kisha akanyoosha mkono, akaizima skrini ya wageni.

"Tukiuzimia skrini, utarudi wenyewe."

Nilicheka, na hakikuwa kicheko kizuri. Ndiyo iliyokuwa siasa ya wakubwa wote: walitukatia simu, wakatukatia mafuta, wakakaa kusubiri kisiwa kije kupiga magoti. Mshale haukurudi. Sasa hata mimi sikuuona, tukabaki tunaitumbulia macho skrini yake huku adhuhuri ikikaribia.

Mwishowe adabu zikaniishia. Niliinuka, nikampokonya kipanya, nikakiburuta mpaka mshale ukachomoza kwake, nikabonyeza mwenyewe. Printa ikaanza kukoroma. Bwana mkubwa alitia saini huku akitabasamu.

"Umeona? Ukiwazimia, wanarudi."

Boti niliiwahi kwa mbio, viatu mkononi. Nilimkuta mama hai, amekonda, hawezi hata kujigeuza kitandani. Jenereta ya hospitali haikuwa na mafuta, na shangazi alikuwa akimpepea kwa kipande cha boksi. Nililia pale pale mlangoni.

Mama alinishika mkono, akauliza kwa sauti ndogo kama watu wa Moroni hawajambo.

"Hawajambo, mama," nikamwambia. "Wanadhani mko njiani mnarudi."