Mabua ya Émérence

Tangu alipoanguka kutoka juu ya lori la mizigo njiani kutoka Kambove, mkono wa kulia wa Émérence haukupanda tena kupita kifua. Mwanamke mjane asiyeweza kuinua jembe, katika Likasi ya miaka ile ambayo kampuni ya migodi ililipa watu kwa ahadi, alihurumiwa asubuhi na kusahauliwa mchana.

Aliyemwonyesha njia nyingine alikuwa Fidèle, agronome, yaani bwana shamba, wa parokia. Usilime, alimwambia. Acha mabua ya mahindi yalale shambani, yafunike udongo. Wewe toboa kwa kijiti, utie mbegu. Msimu wa kwanza majirani wa barabara ya Buluo walilicheka shamba lile lililofanana na kitanda kisichotandikwa. Msimu wa pili mabua yalizidi, na miche ikatoka chini yake myeupe, miembamba, kama vidole vya mgonjwa. Fidèle akamfundisha kuyasukuma kando ya mstari kwa mguu, na mahindi yakifika magotini, kuyarudisha.

"Na ukingoni," alisema, "acha hatua nne tupu pande zote. Moto wa kiangazi unakufa ukikuta udongo mtupu."

Mwaka 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa mjini, Fidèle, aliyekuwa mmoja wao, alipanda treni na begi moja.

Mavuno yaliyofuata yalikuwa magunia matano. Udongo ulikuwa mweusi, na kijiti kiliingia kama kidole katika bukari, ugali wa huko. Émérence akaanza kuutazama ule ukingo mtupu kama chakula kinachomwagwa. Hatua nne pande zote: hilo ni gunia zima. Mwezi wa tano aliutandika mabua pia, mpaka yakagusana na nyasi za jirani.

Mwezi wa tisa alikuja Léon, mdogo wa marehemu mumewe, akiwa na panya sita waliobanikwa kijitini.

"Shemeji, leo hautakula bukari na chumvi tu," alisema. "Angalia vile vinanona."

"Umevitoa wapi?"

"Ku barabara ya Buluo. Tulitia moto mu nyasi, panya zikatoka mbio kama batu ba kampuni bakisikia mushahara imefika."

Alicheka peke yake.

"Nyasi ya nani, Léon?"

"Ya jirani yako. Tulichoma kwake tu." Akakuna shingo. "Lakini moto ikapata njia. Weye ulitandika mpaka ku mwisho, shemeji. Kama uliacha kidogo wazi, miye ningeizima."

Émérence alikwenda kuona. Upepo ulikuwa umeshaanza kuyabeba majivu. Miaka mitatu ya mabua ilikuwa imebaki rangi tu juu ya ardhi. Alichomeka kijiti chake pale palipokuwa laini zamani. Kiliingia nusu ya kidole, kikavunjika. Mvua ilikuwa mwezi mmoja mbele, na udongo usio na kifuniko ungegeuka tofali.

Aliporudi, Léon alikuwa bado anamngoja, sahani ya bukari mbele yake, hajagusa kitu. Émérence akaketi. Akala panya mmoja, wa pili, wa tatu, mifupa na vyote. Walikuwa wanono kweli. Walikuwa wamekulia chini ya mabua yake, kwa punje zake.

"Kesho uniletee jembe," alisema.

"Nani atalima?"

"Miye."

Léon alilitazama bega la Émérence, kisha akaitazama sahani.